Siku nne hadi Centralia, kwenye mlango wa zimamoto uliobaki

Nimesharudi nyumbani Baltimore, nguo zimefuliwa, daftari nimelianika likakauka. Naandika haya kutoka kwenye kurasa zilizoloa mvua na picha za simu. Saa ni za kukadiria, ila bei ziko sawa kwa sababu risiti nilizitunza.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Baba yangu alikuwa zimamoto Tanga, enzi zile zimamoto likiwa chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 kuwaleta wote kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku alipovaa sare mara ya kwanza, bibi alilia. Kizazi chake kilikua kikiambiwa kwamba wazimamoto ndio mumiani, watu wa gari jekundu wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Uvumi huo ulivuma enzi za mkoloni kuanzia Nairobi hadi Kampala hadi Dar es Salaam, na Muheza kwetu ulikuwa haujaisha hata mkoloni alipoondoka. Baba akafanya kazi miaka yote akizima moto kwenye nyumba za watu ambao watoto wao walimkimbia njiani.

Mwaka jana nikamsimulia habari za Centralia, mji mdogo wa makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, ambako moto unawaka chini ya ardhi tangu 1962, na inasemwa uliwashwa na zimamoto wa mji wenyewe. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akauliza: "Na kituo chao kiko wapi sasa?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta.

Siku ya kwanza, Ijumaa: Baltimore hadi Philadelphia

Tulisafiri wawili, mimi na mpwa wangu, kijana wa miaka 22 ambaye ndiye mwenye leseni. Basi lilituchukua saa tatu na nusu asubuhi, dola 24 kwa kichwa. Njia nzima ni barabara kuu na malori, hakuna cha kusimulia.

Philadelphia tulipoteza saa mbili na zaidi kwenye ofisi ya kukodisha magari. Tulikuwa tumeshalipa mtandaoni, lakini mezani wakakataa kadi ya benki ya kawaida, wakataka ya mkopo, tena kwa jina la dereva. Halafu dereva aliye chini ya miaka 25 anaongezewa malipo ya kila siku, jambo ambalo tovuti ilikuwa imelificha chini kabisa. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni ndiye aliyemwambia mpwa wangu ajiunge pale pale na chama cha madereva, maana wanachama wanasamehewa ile nyongeza. Alisubiri tumalize kujaza fomu huku zamu yake ikipita. Akatuokolea karibu dola 90.

Kwa atakayefuata: ukiwa na dereva kijana, uliza mambo mawili kabla ya kulipa, aina ya kadi na nyongeza ya umri. Waandikie, usiulize kwa simu, ili uwe na jibu la kuonyesha.

Mchana tukaingia makumbusho ya Fireman's Hall, mtaa wa North 2nd, ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto. Kiingilio hakuna, kuna sanduku la sadaka. Nilitaka kuanzia hapo kwa sababu Philadelphia ndiko Benjamin Franklin na wenzake walikounda Union Fire Company mwaka 1736. Waliahidiana kwa maandishi kwamba nyumba ya mwenzao ikishika moto, kila mmoja atafika na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vyombo. Nilipoisoma ile habari nikaona ni chama chetu kile kile cha kufa na kuzikana, ila hiki ni cha kuunguliwa. Mwaka 1752 wakaongeza bima ya moto, na nyumba iliyokatiwa ikabandikwa alama ya mikono minne iliyoshikana kwenye vifundo.

Ndoo ya ngozi niliikazia macho muda mrefu. Imeshonwa ubavuni kwa uzi mnene kama kiatu, mdomo wake umepindika kidogo kwa uzee. Hebu fikiria nyumba ya ghorofa inawaka, na wewe umeshika hiyo, unampokeza jirani, jirani anampokeza jirani, hadi kisimani.

Mpaka leo zaidi ya nusu ya wazimamoto wa Marekani ni watu wa kujitolea, na Pennsylvania ndiyo imejaa vituo vya namna hiyo. Fundi bomba, mwalimu, dereva wa lori: king'ora kikilia wanaacha kazi na kukimbilia kituoni. Baba alipolisikia hilo miaka ya nyuma aliuliza swali moja tu, nani anawalipia wakiumia. Nililiandika daftarini ili niwaulize wenyewe.

Siku ya pili, Jumamosi: barabara ya 61 hadi Ashland

Mvua tangu alfajiri. Kutoka Philadelphia tulishika njia ya Reading, na kuanzia hapo barabara namba 61 ndiyo inayokupeleka moja kwa moja hadi mlangoni mwa Centralia. Ni kama kilomita 170 zote pamoja. Mvua ile ilitufanya tuchukue saa tatu na nusu. Petroli tulijaza Hamburg, dola 41.

Baada ya Hamburg milima inaanza, na rangi ya udongo inabadilika. Kando ya barabara unaona vilima vyeusi ambavyo si vilima. Ni mabaki ya makaa, yaliyorundikwa miaka mia na zaidi, na miti myembamba myeupe imeota juu yake. Huku wanachimba anthrasaiti, makaa ya mawe magumu kuliko yote, yanayong'aa kama kioo cheusi na kuwaka bila moshi mwingi. Ukishawasha, hayazimiki kirahisi. Shika hilo, tutalirudia.

Pottsville tulikula pierogi, vitumbua vya unga vilivyokunjwa kama sambusa nene, ndani viazi na jibini, vinachemshwa kisha vinakaangwa na vitunguu. Ni chakula cha wachimbaji waliotoka Ulaya Mashariki. Sahani ya vipande sita dola 9.50. Asiyekula nguruwe aulize vinakaangwa kwa mafuta gani. Mhudumu alienda jikoni mwenyewe, akarudi kutuambia vyetu vitakaangwa kwenye sufuria nyingine kwa siagi.

Ashland iko kilomita tano hivi kabla ya Centralia, na ndiko tulikolala, nyumba ya wageni ya bi kizee mmoja, dola 95 chumba cha vitanda viwili. Tulifika kwa wakati kuingia mgodi wa Pioneer Tunnel, ambao sasa ni wa watalii. Tiketi mbili zilikuwa chini ya dola 40. Kitoroli kinakuingiza moja kwa moja tumboni mwa mlima, karibu mita 550. Ndani ni nyuzi 11 za Selsiasi mwaka mzima, kwa hiyo chukua sweta hata ukienda Julai. Mwongoza wageni, mchimbaji mwenyewe, alizima taa zote kwa muda mfupi. Giza la mle halina mfano. Kisha akawasha tochi na kutuonyesha mkanda wa makaa unavyopanda kwa mshazari kwenye mwamba, mnene kupita kimo cha nyumba, na vishimo vilivyoachwa na waliochimba kabla yake. Hapo ndipo nilipoelewa Centralia. Chini ya miji hii kuna mji mwingine, wenye vichochoro na ngazi na vyumba, na kuta zake zote ni kuni.

Jioni tulipata bahati. Kituo cha zimamoto cha kujitolea cha mji wa jirani kilikuwa kinauza bleenies kuchangisha fedha. Ni viazi vibichi vilivyokunwa, vikachanganywa na yai, kitunguu na unga, vikakaangwa vyembamba hadi kingo ziwe kavu kabisa. Vinne kwa dola 6, katika karatasi inayochuruzika mafuta. Magari mekundu yalitolewa nje mvuani ili ukumbi uwe na nafasi ya meza, na wazimamoto ndio waliokuwa kwenye makaango, fulana zao zimelowa jasho.

Nilimwambia mzee aliyekuwa anapokea pesa kwamba baba yangu alikuwa zimamoto Afrika, Tanzania. Akaacha kijisanduku chake kwa mwenzake, akatupeleka nje na kutufungulia gari zima, kabati moja baada ya jingine. Aliuliza Tanga walitumia pampu gani, na maji waliyapata wapi. Nikampigia baba palepale. Kwetu ilikuwa usiku wa manane lakini baba alipokea. "Shikamoo baba, nipo na zimamoto mwenzio." Nikawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumzia mipira na shinikizo la maji, mmoja kitandani Tanga, mwingine mvuani Pennsylvania, kwa dakika ishirini. Swali la bima likajibiwa pia: wanayo, sheria inawapa haki ya fidia wakiumia kazini, lakini gari, mafuta na mavazi mengi vinategemea bingo na viazi kama vile.

Kabla ya kuagana nilimuuliza habari za Centralia. Uso ulibadilika. Alisema wageni wote wanakuja na sentensi ile ile, kwamba zimamoto walichoma mji wao. "Waliagizwa na baraza lao," alisema. "Na walikuwa wanaishi hapo hapo. Moto ulipita chini ya vitanda vya watoto wao." Kisha akatufungia bleenies nyingine nne, akakataa pesa.

Siku ya tatu, Jumapili: Centralia

Mvua ilikatika, baridi ikashuka, na hiyo ndiyo hali nzuri ya kwenda, kwa sababu mvuke unaonekana.

Ukitoka Ashland barabara inakunja kupitia palipokuwa mji wa Byrnesville, ambao nao haupo tena, kisha ghafla unafika na hujui umefika. Mitaa ipo. Njia panda ipo. Lami, kingo za barabara, ngazi za saruji zinazopanda kuelekea mahali palipokuwa na mlango. Nyumba ndizo hazipo. Mwaka 1890 paliishi watu 2,761. Sensa ya 2020 ilihesabu 5.

Tulianza na kanisa. Liko juu ya kilima upande wa kaskazini, jeupe lenye kuba za buluu, kanisa la Wakatoliki wa Ukraine lililojengwa mwaka 1911. Wakati kila kitu kinabomolewa, askofu wao mkuu aliagiza pachimbwe papimwe, pakakutwa ni mwamba mtupu chini yake, hakuna makaa. Ndiyo maana lipo, na kila Jumapili watu wanatoka miji ya jirani kuja kusali. Mimi ni Muislamu, nikakaa benchi la nyuma na mpwa wangu kwa heshima. Baada ya ibada mama mmoja alitumiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chai, akatukatia mkate wa jozi uliokunjwa, na kutuonyesha kwa kidole, kutoka kilimani, mahali palipokuwa shule, posta, na nyumba ya shangazi yake. Sisi tuliona miti.

Kutoka hapo tukashuka hadi makaburi ya chama cha Odd Fellows, kwani ndiko habari ilikoanzia.

Mei 1962 baraza la mji lilitaka dampo lisafishwe kabla ya Memorial Day, siku ambayo watu huzuru makaburi ya wanajeshi wao. Dampo lilikuwa hapo kando ya makaburi, ndani ya shimo lililoachwa na wachimbaji. Wakapewa kazi watu watano wa zimamoto la kujitolea. Tarehe 27 Mei wakawasha taka, zikaungua, wakazimwagia maji kwa mipira. Ilikuwa njia ya kawaida ya kupunguza dampo. Siku mbili baadaye miale ikaonekana tena, wakarudi wakazima. Wiki iliyofuata tena. Takataka zilipofukuliwa, chini ya ukuta wa shimo likaonekana tundu la upana wa kama mita nne na nusu, lililokuwa limefichwa na taka na halikuzibwa kwa udongo usioungua. Ng'ambo ya tundu ni vichochoro vya migodi ya zamani. Moto ulikuwa umeshapita.

Wapo wanaobisha. Wengine husema ni majivu ya moto yaliyotupwa dampo na mzoa taka, wengine husema ni moto wa mgodi wa mwaka 1932 uliofika pale baadaye. Mimi naegemea ile habari ya wazimamoto kuwasha taka, kwa sababu baraza lenyewe, lilipoiandikia kampuni ya makaa, lilisema moto ni "wa chanzo kisichojulikana". Mtu anayejua hakufanya kosa haandiki hivyo.

Baba aliponisikiliza nikimsomea haya, hakuwalaumu wale watano hata kidogo. Alichotaka kujua ni nani alikagua shimo kabla ya kuruhusu taka zitupwe. Alisema moto wa chini huuzimi kwa maji. Unaunyima hewa au unaunyima chakula, na vyote viwili vinataka uwahi mbele yake. Serikali ya jimbo ilijaribu hivyo hivyo. Kiangazi cha 1962 walichimba mtaro kuuwahi, fedha zikaisha kabla ya mtaro kufika. Wakatoboa mashimo na kumimina mawe yaliyosagwa kwa maji, baridi kali ikagandisha mabomba. Moto ukaendelea kutembea. Kufikia 1983 kuchimba mtaro wa kuumaliza kulikadiriwa kugharimu dola milioni 663.

Miaka kumi na saba mji uliishi nao. Mwaka 1979 meya John Coddington, aliyekuwa na kituo cha mafuta, alipima tangi lake la ardhini akakuta petroli ina joto la karibu nyuzi 78. Tarehe 14 Februari 1981 mvulana wa miaka 12 alimezwa na ardhi uani kwa bibi yake, shimo la kina cha mita 45 hivi. Alishika mzizi wa mti, binamu yake wa miaka 14 akamvuta. Baada ya hapo Bunge la Marekani likatenga dola milioni 42 za kuwahamisha watu, na zaidi ya elfu moja wakaondoka. Mwaka 1992 jimbo likatwaa majengo yote kisheria. Mwaka 2002 posta ikafuta namba ya mji. Waliokataa katakata waliachiwa mwaka 2013 waishi humo hadi kufa kwao.

Kwenye mteremko nyuma ya makaburi tuliona mvuke. Ulikuwa mwembamba, kama wa sufuria ya chai iliyoanza kutokota, ukitoka kati ya mawe mawili. Nilichutama pembeni, penye changarawe ngumu, nikanyoosha kiganja. Majani yote ya kilima yalikuwa yamelowa baridi, lakini kando ya mawe yale palikuwa pakavu, na kuvu ya kijani kibichi imeota duara lote. Hewa iliyogusa vidole vyangu ilikuwa ya uvuguvugu. Imewashwa kabla mimi sijazaliwa.

Kwa atakayefuata: usiondoke kwenye lami na njia zilizokanyagwa. Ardhi inaweza kubonyea bila taarifa na gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu. Kipande cha zamani cha barabara ya 61 kilichokuwa maarufu kwa michoro kilifunikwa kwa udongo Aprili 2020, na ni mali ya mtu, kwa hiyo usikifuate. Hakuna choo, duka wala kituo cha mafuta, jiandae Ashland. Na nyumba chache utakazoona zina wenyewe. Usizipige picha kama vile ni mabaki.

Kituo tulikikuta mwisho, na tulikuwa tumeshakipita mara mbili. Ni jengo la manispaa, la chini, la kawaida kabisa, upande mmoja ofisi ya mji na upande mwingine mlango mpana wa gari la zimamoto. Shule ilibomolewa, posta ilifutwa, maduka yote ya Locust Avenue yaliondoka, lakini zimamoto la Centralia lilibakiziwa nyumba yake. Mlango ulikuwa umefungwa, hakukuwa na mtu. Nilibisha, nikasubiri, nikazunguka jengo lote. Nikapiga picha kumi na moja.

Mpwa wangu aliniuliza, "Shangazi, sasa tunangoja nini?" Sikuwa na la kumwambia. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya ule mlango karibu nusu saa, na magari matatu tu yakapita.

Siku ya nne, Jumatatu: kurudi

Ashland hadi Philadelphia bila mvua ni saa mbili na dakika kumi. Tulirudisha gari, tukapanda basi la saa nane, jioni tukawa Baltimore. Safari nzima, watu wawili, kila kitu ndani yake, ilitugharimu dola 718, na zaidi ya theluthi moja ni gari.

Usiku nilimtumia baba zile picha kumi na moja. Asubuhi nikakuta amenipigia mara nne. Alikuwa amezikuza moja moja, miwani puani, na alitaka nimweleze saruji ile iliyo mbele ya mlango imeelekea wapi na barabara iko umbali gani. Nikamweleza.

"Umeona hapo mbele?" akasema. "Majani ya miti yamejaa kila mahali, nyasi zimeota hadi katikati ya barabara zao. Lakini mbele ya mlango pamefagiliwa. Na hakuna aliyeegesha."

Nikaifungua picha upya. Pamefagiliwa kweli, hadi ukingoni mwa lami.